Mashine ya Posho Iliyolala Chini ya Bwawa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, barabara ya Ainabkoi, Eldoret
Jumatatu, tarehe 14 Mei 1956, saa tatu asubuhi

Jina: Nicanor Wamalwa
Umri: Miaka ishirini na tisa
Kazi: Mzamiaji, karakana ya Bwana Pennick, Eldoret
Makao: Nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana, nyumbani ni Kimilili
Dini: Mkristo

Sajini Wasike ameniambia niseme yale niliyoyaona mwenyewe na nisiongeze chumvi. Nimemjibu kwamba mengine sikuyaona, kwa sababu chini ya bwawa ni giza, lakini niliyashika kwa mikono hii. Amesema hayo pia yanakubalika.

Mimi na mwenzangu Phineas, Mmaragoli, ndio watu wa kuingia majini katika karakana ya Bwana Pennick. Huyu Bwana alikuwa mwanamaji wakati wa vita. Alipokuja huku aliona mabwawa ya masetla yanaziba mabomba ya chini kila mvua ikinyesha, na mwenye shamba analazimika kumwaga maji yote ili bomba lizibuliwe. Akaleta vifaa vya kupumulia ndani ya maji. Yeye mwenyewe masikio yake yaliharibika vitani, hawezi tena kwenda chini, kwa hivyo alitafuta watu wawili wasioogopa maji. Mimi nimekulia kando ya Mto Kuywa. Phineas alikuwa akitoa mchanga katika Mto Yala.

Mwanzoni mwa mwaka jana alitufundisha ndani ya stoo. Alichora ubaoni mapafu ya mtu, mtungi wa hewa, na bwawa likiwa limekatwa katikati kama mkate. Nilijibu maswali yote nikajiona nimehitimu. Siku ya kwanza bwawani nilisahau hata jina la baba yangu. Baridi ilinibana kifua, sikuona mkono wangu, nikashika pumzi, nikaibuka juu kama kizibo. Bwana Pennick alinishika bega akasema kwa Kiswahili chake, "Nikanori, hapana shika pumzi. Darasa iko kwa kichwa. Sasa tia kwa kifua." Nilirudi chini siku ileile, nikapanda, nikarudi tena. Hatimaye nilisikia mapovu yangu yakipanda polepole bila haraka, nami nimekaa kwenye tope kama mtu aliyekaa kwa shemeji yake. Nilifurahi hadi nikakataa kutoka. Phineas alinivuta kwa kamba.

Sajini ameuliza habari za vifaa, kwa sababu vinahusika. Mtungi mmoja hubebwa mgongoni, na mipira miwili ya kupitishia hewa hutoka kwenye mtungi hadi mdomoni. Mitungi hujazwa Mombasa na kuletwa kwa treni, kwa hivyo hewa yetu ni ya kuhesabiwa. Vifaa vingine kila mtu ana vyake anavyovipenda. Phineas anapenda mapezi ya mpira, yale ya kuvaa miguuni, na anaogelea nayo kama bata wa memsahib. Mimi siyataki. Mapezi yanakoroga tope, na tope likiinuka umekwisha. Mimi napenda buti kuukuu, mkanda wenye vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni, na sweta mbili za sufu juu ya mwili uliopakwa mafuta ya ng'ombe. Phineas anasema nanuka kama ndama. Tumebishana juu ya jambo hili tangu mwaka jana, mbele ya watu, na hatujapatana.

Sasa kuhusu kesi. Mnamo Jumamosi tarehe 5 Mei, Kiprotich arap Sang, mwendesha gari la ng'ombe, alitumwa na watu wa kanisa la Yamumbi kuchukua mashine ya kusaga posho katika shamba moja la Ainabkoi. Injini yake ilikuwa imeshafika Yamumbi. Kilichobaki ni mashine yenyewe, chuma kitupu na gurudumu lake kubwa. Akina mama wa huko husaga kwa mawe, au hubeba mahindi kichwani hadi mjini na kurudi. Walikuwa wameingoja mashine hiyo miaka miwili.

Kiprotich alifika Yamumbi jioni na gari tupu. Alisema alipokuwa akipita juu ya ukingo wa bwawa la shamba moja njiani, matope yaliinamisha gari, mnyororo ukakatika, na mashine ikateleza ikaingia majini. Hakuna aliyekuwa naye. Watu walikwenda na kulabu za chuma, wakakokota chini ya ukingo mzima wasiguse kitu. Mwenye shamba alikataa kumwaga bwawa kwa sababu ya mifugo yake. Ndipo maneno yakaanza kwamba Kiprotich ameiuza. Mzee wa kanisa, Mzee Nicholas, aliripoti kituoni, na Jumanne Kiprotich akawekwa ndani. Hayo niliyasikia baadaye. Mimi sikuwapo.

Ijumaa tarehe 11, yapata saa kumi, mke wa Kiprotich, anayeitwa Rael, alikuja karakana. Ni mjamzito na alikuwa ametembea kutoka Yamumbi. Hakulia. Aliuliza, "Ni wewe ule mtu wa kuingia chini ya maji?"

Nikasema ni mimi.

"Basi ingia uangalie. Kama mashine haiko, uje uniambie mimi kwanza, kabla ya wengine. Kama iko, ambia wote."

Nilimwita Bwana Pennick. Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema mtungi uliojaa ni mmoja tu, na treni ya Mombasa haileti mingine hadi wiki ijayo. Alimtazama yule mama, akatazama mtungi. Akasema, "Jumapili. Hakuna kazi. Mimi nakuja na lori."

Jumapili tarehe 13, saa sita mchana hivi, tulifika bwawani mimi, Phineas na Bwana Pennick. Tulidhani tutakuwa peke yetu. Tulikuta kanisa zima limetoka ibadani limekuja, akina mama na vitambaa vyao vyeupe, wanaume na makoti. Mzee Nicholas alikuwa mbele. Mtu mmoja alisema si vizuri kufanya kazi siku ya Bwana. Rael akamjibu, "Ng'ombe akianguka kwa kisima siku ya Sabato hatolewi? Na mume wangu?" Mzee Nicholas alisema, "Wacha waingie."

Kabla sijavaa, Bwana Pennick alinivuta kando akaniuliza, "Bwawa ni nini?"

Nilikumbuka ubao. Nikasema, "Ni mto umefungwa."

"Na mto iko wapi?"

"Bado uko chini, Bwana."

Hapo sote wawili tukaelewa. Kulabu zilikuwa zimekokotwa karibu na ukingo, lakini kitu kizito na chenye gurudumu kikianza kuteremka kwenye ule mteremko hakisimami. Kinakwenda hadi kwenye mkondo wa zamani wa mto.

Phineas aliingia kwanza, bila mtungi, na mapezi yake. Alizama na kuibuka, akazama na kuibuka, akitafuta mahali ardhi inapodidimia, na kwa kazi hiyo nakubali mapezi yanafaa. Baadaye alipiga kelele, "Hapa! Hapa sifiki chini!" Alifunga debe tupu kwa kamba na jiwe, likaelea pale kuwa alama.

Nilitema mate ndani ya miwani yangu ya maji ili isifanye ukungu, nikavaa mkanda, nikafungwa kamba kiunoni. Bwana Pennick alishika ile kamba. Mvuto mmoja ni niko salama, miwili ni nipe kamba zaidi, mitatu ni nivute.

Nilishuka kwa kuifuata kamba ya debe. Juu maji yalikuwa kama chai ya maziwa, kisha kama kahawa, kisha hayakuwa na rangi. Masikio yaliuma, nikabana pua nikapuliza, yakafunguka. Nilitua kwenye tope hadi magotini. Sikupiga teke wala kukimbilia kitu. Nilitambaa nikipapasa, mkono huu kisha ule, nikienda upande mmoja hadi kamba ikaze, halafu nikasogea kidogo nikarudi.

Niligusa kitu cha duara nikadhani ni gurudumu. Lilikuwa shina la mti. Nilizunguka, nikagusa jiwe. Kisha kwa muda mrefu sikugusa kitu. Nilianza kuisikia hewa ikiwa ngumu kuvuta, na hiyo ni dalili ya mtungi kukaribia kuisha. Katika mtungi wetu kuna fimbo ya chuma unayoivuta kufungua akiba. Niliivuta. Sitaki kusema uongo, hapo nilimfikiria Rael amesimama juu, na maneno ambayo ningemwambia yeye kwanza.

Nikasogea mara moja tena, na kidole changu kikaingia ndani ya pete ya mnyororo.

Niliufuata ule mnyororo pete kwa pete. Upande mmoja ulikuwa umekatika, pete ya mwisho imefunguka kama mdomo. Upande wa pili ulikuwa umefungwa kwa fundo la waya kwenye chuma kipana. Nilipapasa juu nikapata mdomo wa kumwagia mahindi, nikashuka nikapata gurudumu, mikono yake sita na ukingo wake. Nililikumbatia. Nilicheka chini ya maji, maji yakaingia mdomoni, nikayapuliza, nikacheka tena. Sikuona chochote, lakini sijawahi kujua kitu kwa hakika namna hiyo.

Nilifungua kamba kiunoni, nikaifunga kwenye gurudumu kwa mafundo mawili, kisha nikapanda nikiishika mkononi, nikitoa pumzi njia yote kama nilivyofundishwa. Nilitoa kichwa majini. Nilitoa mpira mdomoni nikamtafuta Rael. Aliniambia nikiipata niambie wote, kwa hivyo nikapaza sauti: "Iko! Na mnyororo wake uko!"

Zile kelele siwezi kuzieleza katika maelezo ya polisi. Akina mama walipiga vigelegele hadi ndege wakatoka kwenye matete. Phineas alicheza na mapezi yake miguuni, akaanguka, akacheza akiwa chini. Bwana Pennick alivua kofia akanipigia saluti. Nilipofika ukingoni alinikaripia kwa kuifungua kamba kiunoni, kisha akanipa koti lake.

Ng'ombe walioletwa kuvuta mashine walikuwa walewale wa Kiprotich. Walikataa kumsikia mtu yeyote. Mwishowe Rael mwenyewe alishika kiboko asikitumie, akawaita kwa majina kwa Kinandi, nao wakainamisha shingo wakavuta. Watu walishika kamba nyuma yao. Saa kumi hivi gurudumu lilichomoza majini limejaa tope na majani, likafuatiwa na mashine nzima. Mnyororo ulikuwa bado umening'inia. Mzee Nicholas aliushika, akaitazama ile pete iliyofunguka, akaipitisha kwa mzee mwingine, akamwendea Rael mbele ya kanisa lote. Alisema, "Mama, nilimfunga mume wako kwa mdomo wangu. Nitakwenda kumfungua kwa mdomo huohuo." Rael alimwambia, "Basi twende, Mzee. Hajala vizuri tangu Jumanne."

Usiku huo kituo kilikuwa kimefungwa kwa mambo ya namna hiyo, ndiyo sababu tumekuja leo asubuhi. Mashine imeletwa kwa gari lilelile. Mnyororo nimeutambua mbele ya Sajini kuwa ndio nilioupata chini ya maji. Simjui Kiprotich. Sijawahi kuzungumza naye hadi leo nilipopita mbele ya seli, akanisalimia kupitia nondo na kuniuliza kama gurudumu limepasuka. Nimemwambia halijapasuka. Alikaa chini akafunika uso, na mabega yake yalikuwa yakicheka.

Nimesomewa maneno haya yote kwa Kiswahili. Ni yangu, ni ya kweli, na sina la kupunguza.

Sahihi: N. Wamalwa

Maandishi ya ofisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Wasike, na shahidi ametia sahihi mbele yangu. Mzee Nicholas ameondoa malalamiko yake. Kiprotich arap Sang ameachiliwa saa nne na nusu asubuhi na kukabidhiwa kwa mkewe. Kielelezo cha kwanza, mnyororo, kimehifadhiwa stoo. Kielelezo cha pili, mashine ya posho, hakikuweza kupita mlangoni. Kiko uani chini ya ulinzi wa askari mmoja na akina mama wapatao arobaini kutoka Yamumbi, ambao wamekuja na mahindi yao na wanakataa kuondoka bila mashine. Naomba ruhusa ya kuitoa leo.