Rafadha ya Hoja

Jumatatu, 13 Oktoba
Metro hadi bandari ya Nansha, mara ya nne mwezi huu. Hoja imepandishwa nchi kavu. Mashua ya matanga, umri miaka thelathini. Niliinunua kwa Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao, na mke wangu Mwanaidi hajanisamehe.
Rafadha, lile panga la kusukuma mashua majini, imeliwa. Shaba imegeuka rangi ya waridi, ncha zinamomonyoka kwa ukucha kama biskuti iliyolowa. Nati imebaki nusu. Na mwaka jana tu Liang, fundi wa karakana ya hapa, alifunga kwenye shafti kipande kipya cha zinki, ambacho kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi badala ya shaba. Zinki nzima, shaba imekwisha. Feki. Miaka yote hii nawachapa wauza feki kwenye magazeti ya nyumbani, kumbe feki iko chini ya mashua yangu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimeandika. Ukurasa mzima kwenye kundi la simu la wenye mashua, kwa Kichina, kamusi pembeni. Nimemtaja Liang kwa jina. Rafadha ikikatika mbele ya meli ya makontena, nani atajibu? Nimeisoma mara tatu. Kali. Nimekula kwa hamu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Laoban Huang, yaani bosi Huang, mwenye karakana, amejibu. Wateja wawili wamemkataa Liang. Amesimamishwa, Jumatatu anaachishwa kazi. Miaka ishirini na mbili pale.
Nilitarajia kufurahi zaidi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Baada ya swala, Nansha. Rafadha imeng'ang'ania shafti na hakuna mwingine anayethubutu kuitoa. Liang alikuwa anatia vifaa vyake kwenye ndoo. Hakunigombeza. Ningependa anigombeze, huko nina uzoefu. Amenitia ile zinki mkononi.
"Ikwangue, laoban." Akaondoka.
Nimeikwangua kwa ufunguo wa nyumba. Chini ya uchafu, rangi ya bluu, ile ya kupaka tumbo la mashua. Zinki iliyopakwa rangi haiguswi na maji. Haiwezi kuliwa, kwa hiyo haikingi kitu. Basi kaipaka Liang. Nilijiambia hivyo njia nzima hadi nyumbani Sanyuanli.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimemsimulia Mwanaidi akiwa anakunja sampuli za vitambaa alizotoa soko la Zhongda. Kapekua simu yake, kanipa.
Picha ya mwaka jana. Mimi, nimechuchumaa kando ya rafadha, brashi mkononi, bluu hadi kwenye kiwiko. Chini yake nilimwandikia: Sikuacha hata upenyo.
"Baba Salma, mkono huo si wa Liang."
Kule nyumbani Tanga, marehemu baba alinifundisha kupaka deheni, mafuta na chokaa: kila kinachoingia majini kinapakwa, ukiacha upenyo umeacha mlango wa wadudu. Vyombo vyake vilikuwa mbao tupu. Havikuwa na rafadha wala zinki. Nilipaka kwa mkono wake, kwa fahari, bila kuuliza mtu.
Aibu.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimeandika tena, kundi lile lile. Mistari mitatu. Zinki nimeipaka mimi, Liang hana kosa, mwajiri amrudishe kazini. Picha chini yake. Hakuna kitu nimewahi kuandika kwa shida vile.
Kisha nikaenda kwa Huang mwenyewe.
"Ya kwanza ilikuwa ndefu," akasema.
Kampigia Liang mbele yangu. Hakupokea. Hakupokea. Mara ya tatu akapokea. Sikuelewa Kikantoni chao. Nilimwangalia Huang usoni tu, kama mshitakiwa.

Jumatano, 22 Oktoba
Liang yuko kazini tangu jana. Wale wateja wawili, mmoja karudi. Mmoja bado. Huyo ni wangu kumfuata.
Rafadha ya zamani imetoka kwa moto kidogo na nyundo mara mbili. Mpya imekaa, nati, pini, zinki. Nilimwomba radhi, nikaanza kueleza habari za baba na deheni. Akaniachia nifike katikati.
"Laoban Bluu, unaongea sana. Shika brashi."
Nimepaka tumbo lote la Hoja, yeye amesimama nyuma yangu na chai yake. Nilipofika kwenye zinki mkono ulitaka kuendelea. Nikaurudisha. Nikaizunguka polepole.
Imebaki nyeupe, peke yake, katikati ya bluu.