Pale Kokoto Zilipozama

Kwako Baba Nuru, huko uliko,

Barua hii naiandika wazi, asome atakaye, maana sina pa kuipeleka. Kuna mtu aliniapia kwamba alikuona Mtwara, umefuga ndevu, una kibanda cha misumari na rangi, unacheka na wateja. Kama ni kweli, basi na akusomee hapo hapo kibandani, mbele za watu. Mimi haya ziliniisha zamani, kwenye mahema ya wakimbizi ya Pemba, hii ya kwetu Msumbiji, kule tulikokuwa tunapanga foleni hata ya kwenda chooni.

Tumerudi Palma. Nyumba tuliikuta imesimama, lakini bati hakuna, madirisha hakuna, na mlango wa jiko umeng'olewa. Niliwalaani waliouchukua mpaka ulimi ukachoka. Nuru sasa amenipita kimo. Akikasirika anakunja uso kama wewe, nami nashindwa kumgombeza.

Mvua za mwaka huu zimetutesa. Ua wote ulikuwa tope, maji yanapiga ukuta, unatoka na kandambili moja na nyingine inabaki. Ndipo ndugu yako Abdala alipokuja kutoka Quionga, amemleta Mama. Wakaketi jamvini, nikawamiminia chai. Abdala akautazama ua, akasema, "Shemeji, hapa pamwagwe kokoto. Watu wapate pa kukaa."

"Watu gani?"

Akamwangalia mama yenu. Mama akaweka kikombe chini. "Watu wa hitima, mwanangu. Miaka yote hii mtoto wangu hajasomewa hata Yasini moja. Tumwache hivyo mpaka lini?"

"Kokoto nakubali," nikasema. "Hitima sikubali."

Nikachukua birika langu nikaingia ndani, nikawaacha wanatazamana. Najua ni utovu wa adabu. Lakini hitima ikishasomwa wewe ni marehemu, na mimi ni wa kuingia eda, na mambo yamekwisha. Kwangu yalikuwa hayajaisha.

Unakumbuka siku ile risasi zilipoanza kulia upande wa barabara? Mimi nina kifurushi kichwani, nimemshika Nuru mkono, wewe umesimama mlangoni. Ukasema, "Tangulieni. Kuna kitu nakimaliza, nitawakuta njiani." Kitu gani, Baba Nuru? Sikuuliza. Tulitembea na watu, tukalala porini, na kila mwanamume aliyetufikia kwa nyuma nilimgeukia nikamtazama usoni. Hicho kitu chako kimenila moyo miaka yote hii. Kuna siku nilijiambia ni mwanamke, na mwanamke mwenyewe nikamchagua, masikini, nikamchukia bure. Habari za Mtwara ziliponifikia nilipata ahueni, naapa. Bora mume mhuni aliye hai kuliko mume mwema aliye udongoni. Mhuni ipo siku atarudi, nami nilikuwa na matusi yake tayari, nimeyapanga vizuri, mengine nimeyatunga mwenyewe.

Basi nikaanza kazi ya kokoto, na kazi ya kokoto bila wewe sikuijua ila kwa kukukumbuka. Tulipohamia nyumba hii, kila fundi wa mtaani alikuja kupepesa macho tu, anasema lori moja linatosha, mwingine anasema nusu lori. Wewe ukawaacha wapayuke. Ukachukua boriti nne nyembamba, ukazifunga ziwe fremu ya mraba, hatua moja kila upande, ukailaza uani. Ukaniambia nimwage kokoto humo kwa lata, lile debe letu la bati, moja baada ya moja, mpaka zifike kina cha vidole vinne.

"Vidole vya nani?" nikakuuliza.

"Vyako, mke wangu. Vyangu vinene, tutanunua mlima mzima."

Ukanishika mkono ukauzamisha kwenye kokoto, ukauacha hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila fremu ilikula lata nne kasoro. Kisha ukaibiringisha fremu ile uani kote, kutoka lango mpaka jiko, kutoka jiko mpaka ukuta wa jirani, nami nyuma yako nahesabu miraba kwa sauti, nikikosea unanitania. Hesabu ilipokamilika ukaongeza juu yake kwa ajili ya mchanga. Ulisema mchanga wa huku kwetu una njaa, unameza kokoto za mwanzo, kwa hiyo mtu amwage, ashindilie, amwage tena. Na ukasema neno jingine ambalo sikulitilia maanani, maana wakati huo nilikuwa nakutazama mabega. Ukasema, "Ukiona mahali panakula kokoto kuliko penzake, usimlaumu mwenye lori. Ujue chini paliwahi kuchimbwa."

Ua ukapendeza, lakini ukawa na kelele. Paka akipita tunasikia. Wewe ulifurahi, ukasema mwizi gani atathubutu. Jirani yetu Bi Somoe, ambaye miguu ilikuwa imeshakufa ganzi na kutwa yuko kitandani karibu na dirisha, alikereka. "Mama Nuru wee! Mwambie mumeo, kokoto zake zinanitafuna masikio!" Wewe ukawa unavua viatu unapopita dirishani kwake, unanyata kama mwizi, na yeye anakusikia vilevile na kukutukana. Mwishowe mkawa marafiki. Kila jioni ulimpelekea uji, na matusi yakaendelea.

Sasa nikueleze lililonipata tangu turudi. Kokoto zako za zamani zilikuwa zimebaki kidogo kidogo, hasa kandokando ya ukuta. Mchana kweupe, baada ya adhuhuri, Nuru yuko shule, nimekaa nachambua mchele, nasikia hatua. Zinatoka langoni. Hazina haraka. Zinapita chini ya dirisha, zinafika karibu na jiko, zinasimama. Mara ya kwanza niliita, "Nani?" Kimya. Nikatoka na mwiko mkononi. Hakuna mtu, hata kuku. Zikaja tena siku nyingine, na nyingine, na daima zinakomea pale pale. Sikumwambia mtu. Wangesema nimeota vita, au nimeingiliwa, wangeniletea mganga. Na kusema kweli, nilianza kuzingoja. Nilikuwa namaliza kazi zangu mapema ili nikae kimya nisikilize.

Nikafunga fremu kama yako. Nikaibiringisha, Nuru anahesabu. Nikaongeza sehemu ya mchanga. Nikaagiza lori la brita, hizi kokoto za kusagwa na mashine ambazo siku hizi kila mtu anazitaka. Zikamwagwa, zikasambazwa, zikashindiliwa, ua ukajaa sawasawa na nikabakiwa na kilima kidogo cha akiba. Nilijiona fundi. Nikatamani uwepo unione.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na karibu na jiko pakabonyea. Mahali pa urefu wa mtu kulala, upana wa mkeka mdogo. Nikajaza kutoka kwenye akiba, nikashindilia. Mvua ya pili, pamebonyea tena. Nikajaza. Akiba ikaisha, na pale bado pana shimo, ilhali ua wote uliobaki ni tambarare unaweza kuchezea bao. Nikampigia mwenye lori, nikamfokea kwamba ameniletea pungufu. Naye akacheka, "Mama, hizo hesabu zako za jikoni." Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu anavyostahili. Ndipo neno lako likanirudia, kwa sauti yako, usimlaumu mwenye lori.

Nikaikata simu. Nikatazama lile bonde. Urefu wa mtu kulala. Nikatazama jua liko wapi, nikaona bonde limelala kushoto na kulia kwa kibla, namna tunavyowalaza watu wetu. Na ni pale pale hatua zinaposimama. Niliketi chini kwenye kokoto. Nikajua ni wewe. Miezi yote ile nimekuwa nikipita juu yako na ndoo za maji, nikikumwagia maji ya kuoshea samaki. Nilikuita jina lako ambalo sikuiti mbele za watu. Nuru aliporudi shule akanikuta nimelala kifudifudi hapo, akapiga kelele mpaka majirani wakaja.

Abdala akafika na shehe wa msikiti wetu na wanaume wawili wenye majembe. Mama alitaka nikae ndani. Nikakataa. Wakaondoa brita yangu, wakaondoa mchanga kidogo, wakakuta kokoto nyingine chini yake, za zamani, zile zako. Zimetandazwa vizuri, zimeshindiliwa. Nikawaambia wasimame. Nikashuka, nikazamisha mkono wangu. Vidole vinne, Baba Nuru. Vidole vyangu vinne kamili.

Chini ya hizo palikuwa na mchanga, na chini ya mchanga mbao zimelazwa mshazari kama inavyotakiwa, zimeoza, zimevunjika katikati, ndiyo maana juu palikuwa panazama. Nilizijua mbao zile. Ulikuwa mlango wetu wa jiko, na ile bawaba uliyoiungaunga kwa msumari uliopindwa. Na ndani yake, kilichokuwa kimesalia, kimefungwa shuka letu la harusi, la maua ya buluu, limechakaa lakini maua yanaonekana. Shehe akafunua kidogo sana upande mmoja, akasita, akaniita. Palikuwa na bangili ya fedha ya kusokotwa, ile ambayo Bi Somoe alikuwa akisema haitoki mkononi mpaka wamkate.

Hakuwa wewe. Alikuwa Bi Somoe.

Sisi wote tulidhani wajukuu wake walimbeba, na wajukuu walidhani tumembeba sisi. Kumbe alibaki. Sijui alikufaje, kwa risasi au kwa hofu tu, sikutaka shehe atafute. Najua tu kwamba wewe ulisikia au uliona, ukabaki. Mji unaungua, watu wanakimbia hata viatu hawavai, nawe umesimama uani unang'oa mlango. Umechimba peke yako. Umechukua shuka letu kwa sababu sanda haikuwepo. Umemlaza kwenye kibla, kisha ukasomba kokoto kutoka njia yako mwenyewe ukamfunika, ukashindilia, kama tunavyofanya makaburini ili mvua isimfukue na mtu asimkanyage. Bibi aliyekuwa akikutukana kwa ajili ya kokoto hizo hizo.

Shehe akasema asihamishwe, amelazwa na mtu aliyejua, pana heshima yake. Wakamswalia, wakafukia. Safari hii mbao mpya, na kokoto juu nimemwaga mimi.

Abdala alidhani nitafurahi. Alinijia ananong'ona, uso umemchangamka, "Shemeji, si yeye! Si yeye! Huenda kweli yuko Mtwara."

Nikamtazama, nikamwonea huruma. Anakujua tangu utotoni na bado hajakuelewa. "Abdala," nikamwambia, "mtu aliyeacha roho yake ili amzike jirani, ataniacha mimi na mwanawe miaka yote hii, akauze misumari?"

Akakaa chini akalia, mwanamume mzima, mikono yake imejaa udongo.

Umeona ulilonifanyia? Nilikuwa nakungoja kwa nguvu ya hasira. Ulikuwa mhuni wangu aliye hai, na wewe mwenyewe umeninyang'anya. Kila lata ya kokoto uliyomwagia bibi wa watu imekutolea ushahidi. Ungekuwa na moyo mdogo kidogo tu, ningeendelea kukungoja. Ulimaliza kitu chako, ukatoka langoni kutufuata, na hapo njiani kati ya lango letu na sisi, mahali ambapo sitapajua, wenye bunduki walikukuta. Wewe hukupata wa kukulaza kwenye kibla. Hili ndilo linaloniamsha.

Na hatua zimekoma. Tangu siku tuliyofukia sijasikia hata moja. Nakaa na sinia langu la mchele baada ya adhuhuri, nasikiliza, ua mzima umejaa kokoto mpya, na hakuna anayezikanyaga. Watu wananiambia alhamdulillahi, nyumba imetulia. Mimi utulivu huu siuwezi.

Nimewaambia ndiyo. Kesho baada ya adhuhuri watasoma hitima hapa uani. Mama ameshaleta mchele, Abdala ameazima majamvi. Litakapotajwa jina lako na lile neno mbele yake, nitaingia ndani nikae eda. Bangili nitavua, wanja na manukato basi. Nuru nimemwambia mwenyewe. Akaniuliza kama atalazimika kukuita marehemu kila anapokutaja. Nikamwambia humu ndani si lazima.

Radhi zangu zote nakupa. Nilikuwa nimezizuia, sasa zichukue. Matusi niliyokuandalia nimeyameza, na yalikuwa mazuri, ungecheka.

Lakini kesho ni kesho. Leo mimi bado ni mke wa mtu. Hina nimeshaiponda, imo bakulini hapa ubavuni kwangu, na nikiweka kalamu chini napaka mikono na nyayo, kama nilivyokuwa nikipaka ukiwa safarini na habari zimefika kwamba umeshapanda chapa, basi dogo la kurudi nyumbani. Kesho Mama ataiona, atasonya. Na asonye. Nitaketi kizingitini, viganja juu, niiache ikauke, na lango sitalifunga.

Kama u hai, mume wangu, njoo leo.

Mkeo,
Mama Nuru