Dobi Aliyejifukuza Kazi

3 Februari

Mwanangu kitinda mimba,

Kabla hujaniuliza nakujibu: mimi mzima, ila kifundo cha mkono wa kulia kimevimba kama kitunguu, ndiyo maana mwandiko huu unapanda na kushuka. Wewe je? Kifua kimepona? Baridi ya huko isikuzoee, ikikuzoea haikuachi. Yule mzee unayemtunza mwambie nampa pole ya uzee.

Simu nimeizima, usipige. Wanaopiga ni wao, asubuhi na jioni, na sitaki wasikie hata ninavyopumua.

Wao ni wale wa mkopo. Unaikumbuka mashine ya kufulia niliyokopa mwaka jana ili nisiendelee kufikicha nguo za watu kwa mkono. Aliyenikopesha ni yule kijana niliyekuambia anacheka kabla hujasema kitu, nikampa jina la Meno. Alinikuta hapa nyuma ya nyumba, mikono imejaa povu, akasema, "Mama, na bima imo humo humo. Ukipata shida, bima inakulipia mkopo." Nikajifuta kwenye gauni, nikatia sahihi. Kila mwezi nimelipa, mkopo na bima yake, na juu yake kitu wanakiita ada ya huduma. Huduma gani, sijaiona ikipita hapa.

Sasa mkono umegoma. Kuwasha mashine naweza, lakini kuanika mablanketi na kupiga pasi siwezi. Wateja wamepungua, marejesho mawili yamenipita. Nikaenda ofisini kwao kudai bima yangu. Meno akasema, "Bima hii ni ya mtu aliyefukuzwa kazi, mama. Lete barua ya mwajiri." Nikamwambia mwajiri wangu ni mimi. Akasema, "Basi hapo hakuna malipo." Akacheka. Ada ya kuchelewa inapanda kila wiki, na nisipolipa hadi mwisho wa mwezi wa nne wanakuja kuibeba mashine.

Nimewaza, nimepata dawa. Wanataka barua ya mwajiri, na mwajiri ni mimi. Basi nitajiandikia. Keshokutwa naipeleka.

Mimi mama yako

19 Februari

Shikamoo mama,

Kifua kimepona, mkono wako ndio unaonikosesha raha. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, na usibebe ndoo hata mteja akikubembeleza kwa kukuita shangazi.

Mama, nakupigia magoti, hiyo barua usiipeleke. Watasema unadanganya, nao wanatafuta hilo tu. Kosa si lako. Uliuziwa bima ya mtu aliyeajiriwa, na wewe hujawahi kuajiriwa tangu nikujue. Hata mkono ungekatika, isingekulipa. Ni sawa na kumuuzia mwenye kipara kitana. Una haki ya kudai kila ulichotoa kwa ajili ya bima hiyo, pamoja na ada zilizozaliwa nayo.

Waandikie malalamiko, ubaki na nakala. Wakikaa kimya au wakikataa, nenda ofisi ya kutetea wateja wa mikopo, iko jengo la posta, ghorofa ya pili. Hawatozi chochote. Mtu akikutoza, ujue si wao.

Utaniuliza nimejuaje. Mzee wangu wa huku aliwahi kuuziwa bima ya namna hiyo hiyo akiwa ameshastaafu. Alipambana nao akashinda, na kila siku ananisimulia upya kama vile jana sikuwepo.

Wala usitie sahihi kitu chao kingine chochote.

Mwanao, kitinda mimba

7 Machi

Marahaba mwanangu,

Nashukuru kwa habari ya kifua. Barua yako imefika, bahasha imefunguka pembeni. Posta wanasema ni gundi mbaya. Mimi sijui.

Umechelewa, yangu nilishaipeleka. Niliandika kwa heshima: "Kwa dobi. Kuanzia leo nimekufukuza kazi kwa sababu ya mkono. Ulifanya kazi vizuri ila una maneno mengi. Mimi mwajiri wako." Meno akaisoma, akaita wenzake, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nimesimama tu. Halafu ghafla akaacha kucheka, akaikunja, akaifungia kabatini na ufunguo akautia mfukoni. Kitu cha kuchekesha mtu hakifungii kabatini.

Malalamiko nimeandika kama ulivyosema. Wamejibu kwamba nimejaribu kuwalaghai kwa barua ya uongo, na ushahidi wanao.

Na juzi kaja bwana mmoja kavaa tai, sikumwita. Eti yeye hurudishia watu fedha za bima, nimpe kianzio, tukishinda achukue theluthi. Nikamuuliza, "Nani kakuambia nina bima?" Akasema mtaani watu wanaongea. Mtaani hapa wanaongea kweli, lakini habari ya bima mnaijua wewe na Meno na wenzake tu, na wewe sikushuku. Nikamwambia mwenye nyumba hayupo. Akasema, "Si wewe hapa?" Nikamwambia mimi nimefukuzwa kazi.

Jengo la posta nimekwenda. Kuna mama mmoja wa makamo, hatabasamu hata kidogo, nikampenda hapo hapo. Alitaka nitie sahihi chini ya malalamiko. Nikamwambia aanze yeye. Akanitazama, akatia. Nami nikatia. Amesema atawaita.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ndiyo kazi yangu, mifuko ya watu naipekua kila siku kabla ya kufua, lakini hawa sijui nianzie mfuko upi.

Mama yako

22 Aprili

Shikamoo mama,

Umeamkaje, na mkono umeamkaje? Nimekuandikia barua mbili, hakuna jibu. Simu bado imezimwa. Mwisho wa mwezi ndio huu. Kila nikipakia nguo za mzee kwenye mashine ya huku naiona yako inatolewa mlangoni, nawe umeshikilia waya.

Wakiichukua, waache. Usigombane na watu wenye mgongo wa kubeba. Nimeshaomba likizo, nikipewa nakuja. Niandikie hata neno moja tu: ipo, au haipo.

Mwanao

6 Mei

Mwanangu,

Ipo.

Sasa salamu. Mimi mzima, uvimbe wa mkono umeanza kunywea, na wewe pole kwa roho juu. Barua zako mbili nilizipata, sikuzifungua. Usikasirike. Anwani ilipigwa chapa, si mwandiko wako, nikajua ni wao wamejifanya wewe. Nikazificha chini ya pipa la sabuni. Hii ya tatu umeandika kwa mkono, nikakutambua kwa herufi zako zilizolala kama nguo kwenye upepo. Sasa nimezisoma zote. Kumbe ulikuwa unanifariji tu.

Tuliitwa jengo la posta wiki iliyopita, mimi na Meno na bosi wake. Bosi akaitoa barua yangu, akaiweka mezani kama mtu anayetupa karata ya mwisho. "Huyu mama ni mlaghai," akasema. "Kajifanya ana mwajiri. Hana, na hajawahi kuwa naye. Anafua nguo nyuma ya nyumba yake, mtaa mzima unajua."

Mama wa ofisi akaisoma mpaka chini. Hakucheka. Akauliza, "Na nyinyi mlijua lini kwamba hana mwajiri?"

Meno akarukia, "Tangu mwanzo. Mimi mwenyewe nilimkuta anafua."

"Ulimkuta anafua, ukamuuzia bima ya kufukuzwa kazi."

Meno akafunga mdomo. Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuuona umefungwa.

Bima yote inarudi. Ada ya kuchelewa imefutwa, maana hiyo fedha ya bima ingekuwa mkononi mwangu yale marejesho mawili yasingenipita. Mashine haiguswi. Wakaleta karatasi ya makubaliano nitie sahihi. Mama wa ofisi akasema ni salama. Bosi wao naye akasema ni salama, hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwomba mama wa ofisi anisomee kwa sauti, neno kwa neno, na Meno akisikiliza. Alipofika mwisho nikamwomba aanze tena. Ndipo nikatia.

Wakati wa kutoka nilimwona yule wa tai ndani ya gari lao, kajiinamia kama anayetafuta kitu sakafuni. Nikamwamkia kwa sauti kubwa.

Likizo usiirudishe. Njoo tu, hata kama hakuna cha kubebwa.

Jana nimejiandikia barua nyingine, ya kumrudisha dobi kazini, nimeibandika ukutani juu ya mashine. Ila nimemweka kwenye majaribio kwanza. Mtu aliyetia sahihi huku mikono ina povu, siwezi kumwamini haraka hivyo.

Mwajiri, ambaye pia ni mama yako