Mfereji wa Jumamosi

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Alhamisi, mwezi wa pili

Leo tena nilitumwa Lilongwe, kwenye mkutano wa mabadiliko ya hali ya hewa. Tulikuwa bantu ba serikali, ba makanisa, ba kilimo, na mi kwa ajili ya wakimbizi. Juzi mvua iliangusha nyumba yetu, tunalala kanisani, na bado sijalia. Nilibaeleza hayo, na bakubwa ba mkutano walipanga mkutano mwingine tu.

Wakati wa kula nsima, ugali wa huku, mama mmoja wa kijiji jirani aliniambia kwa Chichewa, "Maji ya kambi yenu njo yalibeba mahindi yangu."

"Yalibeba na nyumba yangu, mama."

Alinisogezea mboga. "Basi Jumamosi tuchimbe mfereji pamoja. Uko na jembe?"

"Iko."

Usiku huu nimeliweka jembe mlangoni pa kanisa. Moyo bado kimya, lakini nitaenda.