Fundo la Pili kwenye Uzi wa Mama

Evere, Jumapili, mwezi wa kumi.

Mvua inanyesha tangu alfajiri, ile mvua ya Brussels isiyo na haraka. Jikoni sufuria zimejaa, pilau ya jana imegandia chini, na mimi nimekaa hapa naandika huku nacheka peke yangu. Vyombo vingoje. Alhamdulillah.

Jana nimeozesha! Mwanangu Mwajuma ameolewa, ukumbi ulikuwa Laeken, watu wamekula wakashiba. Lakini leo siandiki habari za bibi harusi. Naandika habari za miguu ya bibi yake.

Mama yangu, ninayeishi naye, anavimba miguu tangu Ramadhani. Viatu vyake vyote vimemkataa. Daktari akamwandikia vya dawa, vyeusi, vikubwa. Mama akaviangalia, akasema hivyo avae daktari mwenyewe. Akabaki ndani na malapa. Na alishatamka: arusini haendi na malapa, bora abaki nyumbani atuombee dua. Mama akisema, amesema. Mimi nikajifungia bafuni, nikafungulia maji, nikalia. Nimuozeshe mtoto wangu wa kwanza bila mama yangu ukumbini?

Bon. Mwezi uliopita wifi yangu Zaituni, anayeuza vitambaa, alikwenda Guangzhou, China, kuchukua mzigo, nikafuatana naye kuchagua sare za arusi. Asubuhi ya safari nikampima Mama mguu kwa uzi, kama tulivyofanya kwetu Buyenzi mtu akienda kukununulia viatu mbali: uzi mmoja wa urefu, mwingine wa kuzunguka, kila mmoja na fundo lake. Nikatia kwenye pochi, nikakimbilia teksi.

Sare zilipopatikana nikamwacha Zaituni na maboksi yake, nikaenda kwenye barabara inayoitwa Beijing, humohumo Guangzhou, kule ambako gari haliingii, ni miguu tu. Ya Rabi, watu! Wasichana wamesimama milangoni mwa maduka wanapiga makofi. Nikadhani kuna ngoma, kumbe ndivyo wanavyoita wateja. Katikati ya barabara wameweka vioo. Ukiinama unaona chini barabara za zamani, moja juu ya nyingine, walizokanyaga watu wa karne na karne. Nikasimama pale mpaka nikasukumwa. Baadaye nikaingia mitaa ambayo maghorofa yametokeza juu ya njia, unatembea chini yake jua halikuoni. Nikanywa chai yao ya majani, chungu kuliko mwarobaini. Duka baada ya duka, viatu vyembamba tu.

Jua likiwa limeshapinda nikaona kiduka cha viatu vya kitambaa. Mwenyewe ni mama wa makamo kama mimi. Akapima nyuzi zangu, akaleta pea moja ya mahameli nyeusi yenye maua mekundu. Nzuri! Na kipimo ni kilekile. Lakini akatikisa kichwa. Akachukua uzi wa kuzunguka, akapiga fundo la pili, upana wa kidole kupita langu, akaleta pea pana zaidi. Nikakataa kwa mikono, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili. Yeye akajaza mashavu hewa, akaonyesha miguu yake, akaonyesha jua nje.

Nikaona ananicheka, anamwita mama yangu bonge. Nakiri hapa: nilimsonya. Msonyo hauhitaji mkalimani. Nikatoka mikono mitupu.

Mbele kidogo nikakaa kwenye benchi, maana miguu ilikuwa inawaka. Nikavua viatu nipumue. Nilipotaka kuvirudisha, havikuingia. Viatu vyangu mwenyewe, nilivyovaa asubuhi bila shida!

Nikaona haya, jamani.

Kazi yangu ni kutunza wazee, Auderghem, zamu ya mchana mpaka usiku. Kila jioni naosha miguu ya watu. Ni mimi ninayewaambia wafanyakazi wapya kwamba mguu wa jioni si mguu wa asubuhi. Halafu mama yangu nimempima alfajiri, hajashuka hata kitandani.

Nikarudi nimekanyaga visigino vya viatu. Ile pea pana alikuwa ameshaiweka kwenye boksi, boksi liko juu ya meza. Akaangalia miguu yangu, akacheka, na mimi nikacheka. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwomba radhi kwa Kiswahili. Sijui alisikia nini, lakini hakuniachia upesi.

Jana baada ya Alasiri, miguu ya Mama ikiwa imeshajaa, nikapiga magoti kumvalisha. Kikaingia cha kulia. Kikaingia cha kushoto. Mama anaangalia yale maua. Kisha akauliza:

"Nani kakwambia mguu wangu wa jioni?"

Nikamjibu, mama mmoja wa China. Akasema nimpelekee salamu.

Aliingia ukumbini kwa miguu yake, vigelegele vikapasuka. Kukaa alikataa. Mara mbili nimemwendea na kiti, mara mbili kanisukuma nimpishe acheze.

Nashukuru, nashukuru sana. Jina la yule mama sikuuliza, na hilo linaniuma.

Lakini swali la Mama ndilo limeniamsha leo. Nani kakwambia. Hakufikiri kwamba ningeweza kuuona mwenyewe. Na ni kweli: mchana namwacha miguu haijajaa, usiku nikirudi amelala. Miezi yote hii, mpaka jana, mguu wake wa jioni sikuwahi kuuona.

Kesho naomba wanibadilishie zamu.