Miguu Imelingana

3 Machi

Binti yangu,
Hujambo? Mimi mzima, kifua tu kinabana nikipanda ngazi. Plasta ya mguu wametoa. Mguu wa kushoto umetoka mwembamba, aibu tupu! Nimeupima unene kwa futi kamba yangu: inchi kumi na moja. Wa kulia kumi na nne, mguu wa mwanamume. Na cherehani yangu haiendi bila miguu miwili. Fundi mwenzangu wa mashine ya umeme ameshaanza kupokea wateja wangu. Nipe dawa.
Baba yako, fundi wa mafundi

12 Machi

Baba, shikamoo.
Sisi wazima. Hapa hospitali wagonjwa nawafundisha hivi: simama kwa ncha za vidole mara kumi, kisha kwa visigino, vidole juu, mara kumi. Mbele na nyuma vipate nguvu sawa. Miguu yote, Baba, usipendelee. Hicho kifua kamwonyeshe daktari.
Binti yako

30 Aprili

Binti yangu,
Marahaba. Mimi chuma! Vidole nafanya hamsini. Visigino nimeacha, nilikuwa kama bata. Kifua hakishoni nguo, kiache. Sasa sikia: wa kushoto kumi na tano! Wa kulia ukaona wivu, nao kumi na tano. Viatu haviingii, jinsi nguvu zilivyojaa. Kitanda nimekihama, nalala kitini kama mlinzi. Ila nikikanyaga cherehani napumzika kila mshono, sijui kwa nini.
Baba yako

9 Mei

Baba, shikamoo.
Msuli haukui hivyo. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo, hesabu kumi, achia. Likibaki shimo, hayo ni maji, na moyo ndio umechoka. Acha mazoezi. Nenda hospitali leo hii.
Binti yako

28 Mei

Binti yangu,
Hujambo? Barua ilifika zamani, nikaikalia. Jana nimebonyeza. Shimo. Nikasema huu ulivunjika, una haki. Nikabonyeza wa kulia. Shimo. Nimekwenda. Daktari kaandika karatasi ndefu, nimeitia humu. Isome wewe. Ikiwa mbaya, niandikie habari za wajukuu tu.
Baba yako

4 Juni

Baba, shikamoo.
Wajukuu zako hawajambo. Mkubwa ameng'oka jino la mbele, anarusha maji kupitia pengo. Mdogo amejua kufunga kamba za viatu, anafunga hata za jirani. Shule nimewaombea ruhusa. Jumamosi wanakuja kwako, wote.
Binti yako