Kongosho la Ngalula

Jumatatu, 6 Oktoba
Kliniki ya sukari tangu asubuhi. Kuran ya umeme imekatika, jenereta imekubali. Ngalula amekuja, yule binti anayepitisha karatasi za malori kwenye forodha ya Kasumbalesa, mpakani. Mwaka jana aliletwa hapa hajitambui, sukari imepanda ajabu. Tangu hapo anajichoma insulini. Kila mwezi ninampunguzia dozi na sukari inatulia tu. Mimi ninajua kwa nini. Seli zake za beta, zile zinazotengeneza insulini, hazikufa. Zilielemewa, zikanyamaza, sasa zimeamka. Nimetafiti kongosho nusu ya maisha yangu, sibahatishi.

Anataka kurudi kazini. Chumba chake cha kule hakina frigo, insulini inaharibika kwa joto. Alhamisi tutapima kama kongosho linatoa insulini yake lenyewe. Nimemwambia aje ameshiba. Nimemwambia pia kwamba kipimo hiki ni kikubwa.

Alhamisi, 9 Oktoba
Damu imetolewa. Yeye na mama yake, midomo mikavu wote wawili. Woga, nikafikiri.

Ijumaa, 10 Oktoba
Majibu. Karibu hakuna kitu. Profesa, mkubwa wangu, amesema seli zimekufa, insulini maisha yote, tusimdanganye mtoto wa watu. Imeniuma. Sikubali.

Nimeangalia tena. Sukari nayo iko chini, chini mno kwa mtu aliyekula. Na kongosho halihangaiki kutoa insulini kama hakuna sukari ya kushughulikia.

Nimempigia Ngalula, nikamuuliza alikula nini: "Mama Dokta, mulisema kipimo iko ya maana sana. Siye, kwa kintu ya maana, tunafungaka."

Familia nzima hawakula, tangu Jumatano. Na sindano alijichoma vilevile! Angeanguka barabarani. Nimemfokea, nikakata simu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Wamefunga ili majibu yawe mazuri, na kufunga ndiko kumeyaharibu.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimemlisha mwenyewe kwenye korido ya labo, nje ya chumba cha vipimo. Bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Mama yake aliombea chakula mpaka kikapoa. Nilingoja. Sikuondoka hadi sahani ikawa tupu, ndipo damu ikatolewa tena.

Ijumaa, 17 Oktoba
Seli zinafanya kazi. Tena vizuri! Profesa amesoma, akavua miwani, akasema tu, "Simamisha sindano. Umuchunge." Nitamchunga, maana zinaweza kuchoka tena. Lakini nilijua. Nilijua kabisa.

Jumapili, 23 Novemba
Sukari yake bado nzuri. Leo ametoa ushuhuda kanisani kwao. Mungu ametajwa, na kufunga kwao; labo haikutajwa. Imenichoma kidogo, siwezi kusema uongo.

Jumamosi, 6 Desemba
Ngalula amepiga simu kutoka Kasumbalesa, malori yakinguruma nyuma yake. Nikashika kalamu, nikauliza sukari ni ngapi. Iko sawa. Kiu? Mkojo? Usingizi? Vyote sawa. Basi kuna nini?

"Hakuna kintu, Mama Dokta. Nilitaka tu kusalimia."

Wagonjwa wangu hawanipigii kusalimia tu. Nimeweka kalamu chini, nikaenda kupika.